Mzee Aliyesahau Bado Ana Wimbo



Tukitaja haki, kwa kawaida tunafikiria mashamba, malisho na mahakama. Leo naomba tumfikirie mzee asiyewatambua tena wajukuu zake, anayeuliza jambo lile lile mara kumi, hata watu wakaacha kumsemesha. Wengine hunong'ona kwamba amerogwa, au kwamba yeye mwenyewe ni mchawi. Na katika nchi yetu wapo akina mama wazee waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Kumbe ni ugonjwa wa ubongo, ambao madaktari huuita dimensia. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, utafiti mmoja uliwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Takriban 6 katika kila 100 walikuwa nao.

Dawa ya kuuponya haijapatikana. Hata hivyo, hauchukui yote kwa mara moja. Mambo ya jana hutangulia kupotea. Nyimbo za ujanani hudumu, kwa maana mtu alizirudia mara nyingi, akizicheza na kuzifurahia. Ndiyo sababu asiyeweza kumaliza sentensi aweza kuimba ubeti mzima.

Sisi wa Mbulu na Hanang tunacho cha kuanzia. Wairaqw wana slufay, ambamo mzee hutamka na mkutano huitikia. Wadatoga nao wana nyimbo zao, na akina mama huimba pamoja wanapomwomba Mungu. Desturi hii ya kuitikia yamfaa sana mgonjwa: mwenzake humpa mstari, naye hujibu bila kulazimika kukumbuka mengi.

Basi tufanye hivi. Kwanza, tuiulize familia mzee aliimba nini ujanani, kwa lugha ya mama yake. Wengi walijifunza Kiswahili baadaye, na huenda kikatangulia kuwatoka. Pili, twende wawili au watatu, tuketi mbele ya macho yake, tumwite kwa jina, tuanze polepole, kisha tusubiri. Asipoimba, apige makofi. Tatu, tuutazame uso wake. Wimbo waweza kuamsha msiba wa zamani. Akihuzunika au kukasirika, tuache. Wala tusimwachie redio ikipiga kelele kutwa nzima tukadhani tumemhudumia.

Tusimsahau mkamwana au binti anayemlea usiku na mchana. Sisi tunapoimba na mzee, yeye apate saa moja ya kulala au kwenda sokoni. Hiyo nayo ni haki yake.

Ndugu zangu, kumfungia mzee chumbani kwa sababu amesahau majina yetu ni kumtenga akiwa hai. Kabla hatujatawanyika leo, kila jumuiya iwataje wazee wake wa namna hii, ipange siku ya kuwatembelea, na kumchagua atakayeanzisha wimbo.