Kuirudisha Menifodi Mahali Pake



Katika sherehe ya miaka kumi wengi hutazamia katibu anene juu ya hesabu na magunia. Hayo yamo katika taarifa ya mweka hazina. Sisi twaomba ruhusa kunena juu ya kitu kimoja cha chuma, kizito, cheusi, ambacho wengi wenu mmekiona juzi kimelazwa juu ya meza ya karakana yetu hapa Kiwalani. Ni menifodi ya moshi ya trekta letu la zamani, Massey Ferguson 135.

Trekta za aina hiyo zilitengenezwa Coventry, Uingereza, tangu 1964 hata 1975, nalo letu laendeshwa na injini ya Perkins ya silinda tatu. Menifodi hupokea moshi wa silinda zote na kuupeleka katika bomba moja. Ikipasuka, moshi hutokea ubavuni mwa injini na kumwendea dereva usoni. Ndani yake mna kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo katika banda lililofungwa yaweza kumwua mtu. Cheche nazo zaweza kuangukia nyasi kavu. Hivyo si jambo la kelele tu, kama wengine walivyodhani.

Wapo waliotaka trekta liuzwe kwa bei ya chuma chakavu, tukope tununue jipya. Twaheshimu hoja yao, lakini twawakumbusha Kongwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza huko mpango mkubwa wa karanga, ukaenezwa hata Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa kwa mamia, mengine yakitoka katika mabaki ya jeshi huko Ufilipino, kabla karakana na mafundi wa kutosha hawajawa tayari. Mengi yaliharibika yakalala porini. Mpango ukaachwa mwaka 1951, na fedha zilizopotea zilipita pauni milioni 36. Matrekta hayakuwa haba. Waliokosekana ni watu wa kuyatunza.

Sasa turudi kwenye meza yetu. Menifodi hii imekwisha kupasuka mara mbili. Mara ya kwanza karakana moja ya mjini iliichomelea ikiwa baridi, ikafungwa jioni ile ile, kwa kuwa mvua za masika zilikuwa zimekaribia na kila mwenye shamba alitaka alimiwe kwanza. Haikupita mwezi. Mara hii fundi wetu aliipasha moto yote kwanza, akaichomelea kwa vijiti vyenye nikeli, kisha akaifukia katika majivu ipoe polepole, maana chuma cha kusubu kikipoa ghafula hupasuka kando ya kiungo.

Watu hudhani kazi imekwisha hapo. Hasha! Kuchomelea huvuta chuma na kukipinda. Fundi aliweka rula ya chuma juu ya nyuso zinazokaa kwenye injini, akaona mwanga ukipita chini ya ule wa mwisho. Tuliipeleka Gerezani ikasawazishwa kwa mashine. Kama ingefungwa vile ilivyo, nati zingeinyoosha kwa nguvu, nayo ingepasuka mara ya tatu.

Kisha zikaja stadi, zile nguzo ndogo zenye ridhi. Zenye kutu zilirowekwa mafuta usiku kucha, maana stadi ikikatikia ndani ya silinda hedi gharama yake hupita ya menifodi yenyewe. Matambara yalizibwa katika matundu ili masizi yasiingie ndani, na fundi akayahesabu alipoyatoa. Gasketi ni mpya. Ya zamani imekwisha kubanwa, haibani tena. Nati hukazwa kuanzia katikati kwenda mwisho, kwa zamu, kidogo kidogo, si moja kukazwa kabisa kabla ya wenzake. Bomba nalo hapana budi lishikwe na kishikizo chake, lisije likaning'inia juu ya menifodi na kuitikisa kutwa nzima shambani.

Ndugu wanachama, ugomvi huanza siku ya pili. Injini ikisha kuwashwa ikapata moto, chuma hutanuka na gasketi hukaa. Ikipoa kabisa, nati hazina budi kukazwa tena. Siku hiyo trekta huonekana zima. Languruma vizuri, halitoi moshi, na wenye mashamba ya Kisarawe na Mkuranga wamesimama mlangoni wakiuliza kwa nini halitoki. Wako waliompa fundi shilingi mfukoni alitoe. Fundi akikubali, anayeumia ni mwanachama wa kumi katika orodha, ambaye zamu yake itafika trekta likiwa limekufa tena, na mvua zimekwisha kupita.

Kwa hiyo kamati imekata shauri kwamba kesho trekta halitoki. Litawashwa asubuhi hadi lipate moto, lipoe pasipo kumwagiwa maji, likazwe, liwashwe tena, na fundi atazame kama pana alama ya masizi kando ya gasketi. Akiona safi atatia sahihi katika daftari, na dereva naye atatia yake. Zamu ya kulima itaanza keshokutwa alfajiri, kwa orodha ile ile iliyobandikwa ukutani, jina la kwanza kwanza.