Mwanajeshi Aliyetangulia Mbele

Ndugu zangu wa kisomo, akina mama na akina baba mliokaa darasani hapo Buswelu, shikeni karatasi zenu. Asomaye polepole asione haya. Tutakwenda pamoja naye.

Leo tunasoma habari za Filbert Bayi. Alizaliwa mwaka 1953 huko Karatu, na katika ujana wake akawa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Alipokuwa Dar es Salaam alijizoeza mbio kwa kushindana na mabasi! Basi likisimama kupakia abiria, yeye hulipita; likiondoka, humfukuza.

Tarehe 2 Februari 1974 alikuwa Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, mbio za mita 1,500. Mtu akitembea kama aendavyo sokoni, mwendo huo humchukua robo saa na zaidi. Wakimbiaji wengi wa mbio hizo hukaa nyuma ya wenzao, wakingojea mzunguko wa mwisho. Bayi hakungojea. Bunduki ilipolia alitangulia mbele, akabaki mbele. John Walker, kijana wa New Zealand, alimfukuza mpaka kwenye utepe asimpate. Saa ikaonyesha dakika 3 na sekunde 32.2.

Rekodi ya dunia, yaani kipimo ambacho hakuna aliyekwisha kukipita, ilikuwa dakika 3 na sekunde 33.1. Aliiweka Jim Ryun wa Marekani mwaka 1967. Toeni hesabu wenyewe: Bayi alipunguza nini? Muda wake ulibaki rekodi ya michezo ile ya Madola mpaka mwaka 2022, miaka 48.

Mwaka 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi akavunja na rekodi ya maili moja. Miezi mitatu baadaye Walker akaivunja hiyo huko Göteborg, Uswidi. Basi watu wa nchi nyingi wakawa wanangojea kuwaona wawili hawa katika Olimpiki ya Montreal, mwaka 1976.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, ambako wakati ule serikali ilitawala kwa ubaguzi wa rangi. Nchi za Afrika zaidi ya 20, Tanzania mojawapo, zikakataa kushiriki kwa kuwa New Zealand haikutolewa katika michezo. Walker akashinda mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 39.2. Linganisheni na muda wa Bayi hapo juu. Mimi naona nchi ilifanya vema. Lakini aliyelipa ni kijana wa miaka 23, na miaka ya mkimbiaji ni michache. Zungumzeni jambo hili darasani, wala msikubaliane upesi.

Mwaka 1980, huko Moscow, Bayi alikimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Akatangulia tena, mbali sana, mpaka Bronisław Malinowski wa Poland alipompita katika mzunguko wa mwisho. Akapata medali ya fedha. Katika Olimpiki hiyo hiyo Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, kando ya ziwa letu hili, alipata fedha ya mita 5,000. Hadi Olimpiki ya mwaka 2024 Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki zaidi ya hizo mbili.

Baada ya mbio, Bayi alikaa mezani: kwa miaka mingi alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Kazi hiyo ni barua, mikutano na kutafuta fedha za safari, wala hapana anayepiga makofi. Yeye na mkewe walianzisha pia shule, Kimara na Kibaha.

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja aandike sentensi tatu: Je, mwaka 1976 ungalikuwa wewe Bayi, ungalimwambia nini mkuu wako? Kwaherini.