Mgeni na Jumba la Jiji: Haja ya Afisa wa Wahamiaji na Wakimbizi Jijini Nairobi

(Hotuba iliyotolewa na wakili mmoja mbele ya mkutano wa wanachama jijini Nairobi. Tunaichapisha kama ilivyosomwa.)



Nimeombwa nizungumze juu ya wakimbizi na wahamiaji wanaoishi katika jiji hili, na muda niliopewa si mrefu. Nitautumia kutetea jambo moja tu: Bunge la Kaunti ya Nairobi litunge sheria ya kuanzisha cheo cha afisa atakayeshughulikia mambo ya wahamiaji na wakimbizi katika serikali ya jiji. Najua wapo miongoni mwetu watakaoliona jambo hili kuwa dogo mno kwa harakati iliyozoea kudai katiba mpya, uchaguzi wa haki na mahakama huru. Kwa maoni yangu ni sehemu ya madai hayo hayo, na nitaeleza sababu.

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeweka uraia na uhamiaji mikononi mwa Serikali ya Taifa. Hilo halina ubishi. Gavana wa Nairobi hana uwezo wa kumpa mtu hadhi ya ukimbizi, wala wa kumtoa nchini. Lakini jedwali hilo hilo limezikabidhi kaunti zahanati na hospitali zake, masoko, leseni za biashara, shule za chekechea, maji na uzoaji wa taka. Limeziagiza pia ziratibu ushiriki wa jamii mbalimbali katika utawala wa mahali zinapoishi. Basi mkimbizi hukutana na Serikali ya Taifa siku anayoandikishwa na siku anayobadilisha kitambulisho. Siku nyingine zote za mwaka, anapougua, anapotandaza nyanya kando ya njia, anapompeleka mwanawe chekechea, anakutana na kaunti.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamtaka Kamishna wa Wakimbizi awasiliane na serikali za kaunti ili mambo ya wakimbizi yazingatiwe katika mipango ya maendeleo. Inataka pia wakimbizi na wenyeji watumie kwa pamoja taasisi na huduma za umma. Ni maneno mazuri. Lakini Kamishna akiandika barua kwa City Hall, barua hiyo itatua mezani pa nani? Waziri wa afya wa kaunti ataona kwamba inahusu leseni. Waziri wa biashara ataona kwamba inahusu watoto. Mhusika wa elimu atasema hayo ni ya Serikali ya Taifa. Wote watakuwa na haki kiasi fulani, na barua italala katika faili.

Nitatoa mfano kutoka katika kazi yangu. Mteja mmoja, fundi cherehani kutoka Kivu, alikuwa na kitambulisho halali cha mkimbizi. Alitaka leseni ya kibanda. Ofisi ya kwanza ilimwambia alete kibali cha kazi. Ya pili ilimwambia kibali hakitolewi mpaka aonyeshe kazi au biashara inayotambulika. Ya tatu ilimwambia kwamba fomu yao ina nafasi ya namba ya kitambulisho cha Mkenya tu, na hawajui namba yake yeye waiandike wapi. Alipokuwa akizunguka hivyo, askari wa jiji waliichukua cherehani yake mara mbili. Mara zote mbili ilirudishwa kwa njia ambayo nyote hapa mnaijua. Tazameni vizuri: hapana ofisi hata moja kati ya hizo tatu iliyomkatalia. Kila moja ilimpeleka kwa nyingine.

Wazee walisema mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria yetu ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011 imemtengea mkimbizi kibali cha kazi cha daraja la M. Tunaweza kusema kwamba jembe limetolewa. Mpini ndio uliobaki katika ofisi nyingine, na mwenye ufunguo wa ofisi hiyo hajulikani.

Hapa naomba niingie kidogo katika historia, kwa kuwa jiji hili lina tabia ya kusahau lilivyozaliwa. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli katika nchi ya malisho ya Wamaasai. Tangu hapo watawala wake wamekuwa wakiuliza swali moja: nani ana ruhusa ya kuwa hapa? Mkoloni aliuliza kwa kipande, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1915 na kuanza kuvalishwa wanaume Waafrika shingoni baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Wanubi wa Kibera, ambao babu zao waliletwa hapa kama askari wa mfalme wa Uingereza, walihesabiwa wapangaji kizazi baada ya kizazi, mpaka walipokabidhiwa hati ya ardhi ya jamii mwaka 2017. Na sisi wenyewe, baada ya kupata bendera, tuliuliza swali hilo kwa ukali ule ule. Mwishoni mwa mwaka 1989 serikali ya chama kimoja iliamuru Wakenya wa asili ya Kisomali wahojiwe upya na wapewe kadi ya pekee juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Hao walikuwa raia. Hawakuwa wakimbizi.

Ndiyo sababu nasema kwamba jambo hili ni letu. Dola inayojizoeza kumsimamisha mgeni kila pembe ya njia na kumdai karatasi haitosheki na mgeni. Mkono ukishazoea, humfikia pia mwenyeji mwenye sura isiyopendeza, au lafudhi isiyopendeza, au chama kisichopendeza.

Mahakama zimefanya sehemu yake, na inafaa tuzipe heshima yake. Desemba 2012 Serikali iliagiza wakimbizi wote wa mijini wahamishiwe kambini. Shirika la Kituo cha Sheria lilikwenda mahakamani, na Julai 2013 Jaji David Majanja, aliyetuaga mwaka 2024, akalifuta agizo hilo. Februari 2015 Mahakama Kuu ilikitupa kifungu kilichotaka idadi ya wakimbizi nchini isizidi 150,000. Februari 2017 ilikataa amri ya kuifunga kambi ya Dadaab. Hukumu hizo zitasomwa na wanafunzi wa sheria kwa miaka mingi.

Lakini tukumbuke pia Aprili 2014, katika msako ulioitwa Usalama Watch. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Eastleigh, na uwanja wa michezo wa Kasarani ukageuzwa mahali pa kuwazuilia na kuwachuja. Walikuwamo wakimbizi wenye vitambulisho halali, na walikuwamo Wakenya. Hukumu ya mwaka uliotangulia haikuwalinda usiku ule. Wala katika serikali ya jiji hapakuwa na afisa ambaye kazi yake kwa mujibu wa sheria ilikuwa kuuliza: mama huyu aliyechukuliwa amewaacha watoto kwa nani? Mgonjwa huyu anapata wapi dawa zake? Jaji huja baadaye, tena kwa ombi. Afisa angekuwa na simu mkononi saa ile ile.

Nizungumze juu ya hospitali, maana hapo ndipo hoja ina uzito zaidi. Hospitali ya uzazi ya Pumwani ni ya kaunti. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo inataka kila mtoto anayezaliwa Kenya aandikishwe, bila kujali uraia wa wazazi wake. Cheti hutolewa na Serikali ya Taifa, lakini safari ya cheti huanza na karatasi ya taarifa ya kuzaliwa inayojazwa hospitalini, yaani mikononi mwa mfanyakazi wa kaunti. Jina likiandikwa vibaya kwa sababu mama anazungumza Kitigrinya na karani hakielewi, au mama akiondoka mapema bila karatasi kwa kuhofia kuulizwa hadhi yake, basi tumemzalisha mtu asiye na maandishi. Miaka kumi na minane baadaye atasimama mbele yetu mahakamani, nasi tutashangaa ametoka wapi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kuwazuilia kina mama pale Pumwani kwa sababu ya deni kulivunja Katiba. Kina mama walioshinda kesi hiyo walikuwa Wakenya. Haki waliyoishinda ni ya kila mama, lakini mwanamke aliyewasili jana kutoka Asmara ataijuaje pasipo mtu wa kumweleza?

Basi afisa huyu afanye nini? Kwanza awe na wakalimani: wa Kisomali, Kioromo, Kiamhari, Kitigrinya, Kinyarwanda, Kifaransa na Kiarabu cha Juba. (Ndugu zetu wa Kongo wanatujia na Kiswahili chao, ambacho Wanairobi hukicheka, sijui tunakicheka kwa ujuzi gani, sisi tunaokichanganya chetu kila sentensi.) Azichunguze fomu zote za kaunti, za leseni, za soko, za chekechea, na kuhakikisha kwamba kila penye nafasi ya namba ya kitambulisho pana nafasi ya kile cha mkimbizi. Kazi hiyo haihitaji mabilioni. Barua ya Kamishna ifike kwake, na asiweze kusema si yangu. Kila mwaka atoe ripoti mbele ya Bunge la Kaunti, hadharani, akitaja idara zilizotimiza wajibu wao na zisizotimiza.

Miji mingine imetangulia. Mwaka 2001 wapiga kura wa New York waliiingiza ofisi ya mambo ya wahamiaji katika hati kuu ya jiji lao, na mwaka 2003 meya akaagiza kwamba wafanyakazi wa jiji wasimwulize mtu hadhi yake ya uhamiaji pasipo haja ya kisheria. São Paulo, kule Brazil, ilitunga sheria yake mwaka 2016, na kuunda baraza ambamo wahamiaji wenyewe wana viti. Sisemi tuige kila kitu. Ninachokiona katika mifano hiyo miwili ni kwamba ofisi ilisimamishwa juu ya sheria, haikutegemea huruma ya meya.

Nimesikia pingamizi. La usalama nalichukua kwa uzito, kwa kuwa jiji hili lilizika wafu wake mwaka 1998 na tena mwaka 2013 baada ya Westgate. Lakini mtu anayeogopa kila ofisi ya umma hatatoa habari kwa ofisi yoyote ya umma. Tena sheria ninayoipendekeza ikataze wazi daftari la afisa huyu kuazimwa na polisi pasipo amri ya mahakama. Bila kifungu hicho ni afadhali ofisi isiwepo kabisa, maana itakuwa mtego.

Pingamizi la pili huniumiza zaidi, kwa kuwa hutoka kwa maskini wenzetu. Mkazi wa Mathare anauliza: mimi sijapata maji, mgeni apewe afisa? Simlaumu. Namwomba tu aende Eastleigh akatazame. Garissa Lodge ilikuwa nyumba ya wageni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu waliokimbia vita Somalia walianza kuuza nguo ndani ya vyumba vya kulala, na leo mtaa mzima ni maduka ya ghorofa ambako wafanyabiashara Wakenya hununua mali ya kwenda kuuza mbali. Kodi na leseni za maduka hayo huingia katika hazina ya jiji. Kama maji hayafiki Mathare, aliyeyazuia hakutoka Mogadishu. Tumwulize aliyekabidhiwa fedha.

Pingamizi la tatu ni langu mwenyewe. Tunawajua wakubwa wetu. Kikiundwa cheo, kitatafutiwa shemeji, au mgombea aliyeanguka. Kwa hiyo cheo kisizaliwe kwa barua ya gavana, ambayo gavana anayefuata anaweza kuichana. Kitungiwe sheria, nafasi itangazwe na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, Bunge la Kaunti limhoji anayependekezwa, na pawe na kamati ya kumsimamia yenye wakimbizi na wenyeji wa mitaa wanayoishi. Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 umeelekeza macho Kakuma na Dadaab, na ni haki, kwa kuwa wengi wako huko. Wa Kayole, Githurai na Eastleigh wasisubiri mpaka zamu yao ikumbukwe.

Tumeandaa rasimu ya mswada na ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinampa mtu haki ya kuliomba bunge hilo litunge sheria, na Kifungu cha 37 cha Katiba kinasema “kila mtu”. Hakisemi “kila raia”. Kwa hiyo mkimbizi anaweza kutia sahihi sawa na mimi. Nakala ziko juu ya meza iliyo karibu na mlango. Penye nafasi ya kitambulisho, aandike namba ya kadi yoyote aliyo nayo. Asiye na kadi aandike jina na mtaa. Ukurasa wa pili una nafasi za sahihi ishirini, nami naomba kila mmoja wenu aondoke na nakala moja tupu na kuirudisha imejaa katika mkutano ujao.