Kima kipya cha mshahara: tuanze na nyumba zetu

*Maneno ya uongozi kwenye mkutano wa tawi, Temeke. Tunayatuma kwa wote, hasa ambao hawakuweza kufika.*



Amri mpya ya Kima cha Chini cha Mshahara kwa sekta binafsi inatumika tangu 1 Januari 2026. Hapa tawini namba moja imeleta ubishi: Sh 358,322. Mbeba mizigo ghalani anasema hiyo ndiyo haki yake ya kila mwezi. Mwenye duka Mbagala anasema afadhali afunge. Wote ni wanachama wetu, na wote wameielewa vibaya.

Kiasi hicho ni wastani wa sekta zote, kutoka Sh 275,060. Ndani ya Amri kila sekta ina kiwango chake: viwanda, biashara, ujenzi, hoteli, ulinzi binafsi, kazi za nyumbani. Kabla ya kudai, na kabla ya kukataa, tusome kiwango cha sekta yetu.

Kwa mfanyakazi:
• Kukubaliana chini ya kima hakumwokoi mwajiri, hata kama ulitia sahihi.
• Aliyekuwa anakulipa zaidi ya kima haruhusiwi kukushusha.
• Wiki ya kazi ya kawaida ni saa 45. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu.
• Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara. Wewe usikatwe zaidi ya nusu yake.
• Ukiachishwa kazi, una siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Madai mengine, siku 60. Usikae kungoja ahadi za bosi mpaka siku zikaisha.

Kwa mwajiri: tunajua mwenye karakana ya samani Keko na vijana wake watatu hana mfuko wa kiwanda. Lakini akilemewa, sheria inamtaka atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane nao kabla ya kupunguza mtu. Kumwambia kijana "kesho usije" kunaweza kumgharimu kuliko hiyo nyongeza.

Sasa la kwetu. Dada wa kazi naye yumo kwenye Amri. Wengi tunaopigia kelele viwanda vya Chang'ombe tuna dada nyumbani asiyejua atalipwa tarehe ngapi. Hatuwezi kusimama na mfanyakazi wa mwenzetu huku wa kwetu tukimpunja.

Hivyo viongozi tumekubaliana: kila mmoja wetu aliyeajiri mtu atampa maandishi ya mshahara, saa za kazi na likizo kabla mwezi huu haujaisha. Mkutano ujao mtuulize, mmoja mmoja, tutajibu.

Nakala ya Amri iko kwa katibu wa tawi. Mwenye shaka aje na mkataba wake au hati ya mshahara, tusome pamoja.

Uongozi wa Tawi