Kosa la mlevi ni la nani?

 

Tunakuja kwa sababu ya usiku ule mnaoujua. Vijana wawili, marafiki, walikunywa kanyanga, wakagombana kwa deni la chupa moja. Mmoja akachomoa kisu. Mwenzake akafa njiani kuelekea hospitali. Tulimkuta aliyeua katika kasho, analia. Alisema neno moja tu: "Ni pombe, si mimi."

Wengi hapa wanamsemea hivyo hivyo. Tuseme wazi: mbele ya tribinali neno hilo peke yake halimwokoi. Aliyekunywa kwa mapenzi yake atajibu kwa aliyotenda. Sheria ya makosa ya Kongo, kifungu cha 48, inasema mtu akijeruhi kwa kusudi lakini bila nia ya kuua, na aliyejeruhiwa akafa, adhabu ni kifungo cha miaka 5 hadi 20. Akionekana alikuwa na nia ya kuua, ni nzito zaidi. Avoka anaweza kuuliza kama mtu aliyelewa namna ile alikuwa na nia hiyo. Jibu ni la majaji, si letu.

Lakini kilichotunyima usingizi ni kingine. Kijana alipokimbia, askari walimkamata kaka yake mkubwa, ambaye usiku ule hakuwa hata kijijini. Upande wa pili, vijana walianza kutafuta petroli ya kuchoma nyumba ya baba yake. Katiba ya 2006, kifungu cha 17, inasema kila mtu anajibu kwa kosa lake mwenyewe; hakuna anayefungwa kwa tendo la mwingine. Kaka alitoka baada ya siku nne, wakati kifungu cha 18 kinawapa polisi saa 48 tu. Tulisimama mlangoni siku zote nne. (Na tuliombwa "kitu cha sabuni". Hatukutoa.)

Hatujasahau Fizi. Tarehe 1 Januari 2011 ugomvi ulianza katika baa, askari mmoja akauawa na raia wenye hasira, na wenzake wakalipiza kisasi juu ya mji mzima. Makumi ya wanawake walibakwa. Tarehe 21 Februari mahakama ya kijeshi iliyokuja Baraka ilimhukumu Luteni-Kanali Kibibi Mutware miaka 20. Wanawake wale hawakuwa wamegombana na mtu.

Mbuzi wa kupatanisha familia hizi mbili tunawaheshimu. Mama wa marehemu anahitaji kuombwa msamaha, na matanga yana gharama. Ila mbuzi hawafungi faili ya parke, na asije mtu akaambiwa hivyo ili atoe wengine.

Baba wa kijana ndiye aliyemtoa porini na kumpeleka mwenyewe kwa polisi. Tangu siku ile watu wengine hawamsalimu. Jumanne anakwenda parke kusikilizwa, na safari ni ndefu kwa mzee peke yake. Sisi tutamsindikiza, anayetaka kuja nasi atukute hapa kwenye mwembe saa kumi na mbili asubuhi.