Hodhi la kuzalia si beseni la watoto

Juma hili ninayo barua ya dada yetu mmoja, mzaliwa wa Tanga, aishiye na mumewe mjini Leicester, Uingereza. Ana mimba ya pili, imetimia miezi saba. Mkunga wake amemkubalia ajifungulie nyumbani, naye mwenyewe anataka, uchungu ukishamshika barabara, akae ndani ya maji ya vuguvugu, na ikiwezekana mtoto azaliwe humo humo majini.

Hapo ndipo mabishano yalipozuka. Dada anataka wanunue hodhi maalumu la kuzalia, lile la plastiki linalojazwa upepo. Bwana wake anasema dukani kuna hodhi la watoto la kuchezea bustanini, bei yake ni ya chini mara kadhaa, nalo pia ni la plastiki, nalo pia linajazwa upepo; tofauti iko wapi? Na mama mkwe, kwa simu kutoka Tanga, anauliza tangu lini binadamu akazaliwa kama samaki. Dada anaomba nikate shauri.

Mimi si mkunga wala daktari, na kumpima mja mzito si kazi ya redio. Lakini hodhi ni kitu cha kununua kama vitu vingine, na mnunuzi ana haki ya kujua ananunua nini. Basi tuzungumze.

Nianze na mama mkwe, kwa kuwa ndiye mkubwa. Mama, hofu yako si ya kijinga hata kidogo. Mtoto aliye tumboni anaishi ndani ya maji, na hewa anaipata kwa damu inayopita kwenye kamba ya kitovu. Akizaliwa majini, mkunga humpandisha juu mara moja, uso ukitangulia, naye huvuta pumzi ya kwanza nje ya maji. Kichwa kikishatoka majini hakirudishwi tena chini. Tena aliyeanzisha jambo hili katika hospitali huko Ulaya, daktari Michel Odent wa mji wa Pithiviers, Ufaransa, hakuwa akitafuta watoto wa majini. Katika miaka ya 1970 alikuwa akitafuta njia ya kupunguza maumivu ya uchungu bila dawa. Wanawake waliingia majini, wakatulia, na baadhi yao hawakutaka kutoka hata mtoto alipofika. Mwaka 1983 aliandika katika jarida la The Lancet habari za watoto 100 waliozaliwa hivyo.

Tangu hapo Uingereza imeshika njia hii kuliko nchi nyingi. Mwaka 1992 kamati ya afya ya Bunge la nchi hiyo ilipendekeza kwamba hospitali, pale inapowezekana, ziwape wanawake nafasi ya kutumia hodhi. Mwaka 2024 ulitolewa uchunguzi mkubwa ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Cardiff, uliotazama hospitali na vituo vya Uingereza kati ya 2015 na 2022. Ulionyesha kwamba kwa mwanamke asiye na matatizo katika mimba yake, kuzaa majini hakuna hatari zaidi kuliko kutoka majini kabla ya mtoto kuzaliwa. Madaktari wa uzazi wa Marekani wana hadhari zaidi. Shauri lao la mwaka 2016 ni kwamba maji yanafaa wakati wa uchungu, lakini kuzaa kwenyewe kufanyike nchi kavu. Kwa hiyo, mama, hata mabingwa hawajawa na kauli moja.

Na hapa niweke jambo moja wazi kwa wasikilizaji walioko huku nyumbani. Dada huyu hazai nyumbani peke yake. Atakuwa na wakunga waliosomea, kwa kawaida wawili mtoto anapozaliwa, na gari la wagonjwa liko umbali wa simu moja. Tena ni mzazi wa pili. Uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2011, uliotazama uzazi karibu 65,000, ulikuta kwamba kwa mwanamke aliyekwisha kuzaa, na ambaye mimba yake ni salama, kuzaa nyumbani kwa mpango hakukumwongezea mtoto hatari. Kwa mwenye mimba ya kwanza hatari iliongezeka. Ukiondoa mkunga na gari, hodhi linalobaki ni plastiki tu.

Sasa shemeji. Nakupa haki yako: huyo Odent mwenyewe alianza na hodhi la bustanini la kujazwa upepo. Lakini alikuwa hospitalini, na haukupita muda akajengewa hodhi la kudumu. Hodhi la watoto lina kina kidogo na kuta nyembamba. Mwanamke mwenye uchungu hakai majini kama mtoto achezaye. Hupiga magoti, huinama mbele, hulaza kifua na mikono juu ya ukingo na kuulalia kwa uzito wake wote. Ukuta mwembamba utapinda, na maji yatakwenda kwenye zulia. Tena maji lazima yafunike tumbo lote, kwani faida yake ni kule kuelea na kule joto kuuzunguka mgongo na kiuno. Maji ya kufika mapajani hayamsaidii kitu.

Kwa hiyo tazameni ukuta. Uwe mpana, mgumu ukishajazwa, wa kimo cha sentimita 65 hivi, na uwe na mapipa ya hewa yaliyotengana, ili moja likitoboka mengine yabaki yamesimama. Tazameni sakafu: iwe na upepo wake, maana magoti ya mama yatakaa pale kwa saa nyingi. Pawe na mishikio ya ndani. Baadhi ya mahodhi yana kiti cha kukalia. Mimi sikipendi, kinakula nafasi. Lakini hilo ni pendekezo tu. Rangi si kitu, isipokuwa chini kusiwe kweusi, kwani mkunga anahitaji kuona damu inapoanza kuchafua maji. Na lazima kuwe na shuka lake la plastiki la kutandika ndani, jipya, la kutupwa baada ya kazi. Kama hodhi ni la mkono wa pili, shuka lisiwe la mkono wa pili.

Watu wengi huishia hapo, wakalipa, wakaenda zao. Lakini mtihani uko kwenye maji. Hodhi la ukubwa wa kawaida likijazwa huchukua takriban lita 650. Sisi tunajua hizo ni nini: ni madumu 32 ya lita 20, na bado kidogo. Leicester hakuna abebaye dumu, maji hutoka ukutani, kwa hiyo mtu husahau kuhesabu.

Tuhesabu basi. Maji ya baridi ya bomba huko tuseme yana nyuzi 10. Ya moto, kutoka kwenye tangi la nyumba, nyuzi 60. Ili kupata lita 650 za joto la nyuzi 37 utahitaji karibu lita 350 za yale ya moto. Tangi la nyumba ya kawaida huchukua lita 120 hadi 200. Yaani hodhi likiwa bado mbali na kujaa, bomba litaanza kutoa maji ya baridi, na mkeo yuko sakafuni akikuuliza maji yako wapi. Nyumba nyingi huko zina boila lisilo na tangi, lile linalochemsha maji yakiwa yanapita. Hilo halimalizi maji ya moto, lakini lina mwendo wake. Likitoa lita 10 kwa dakika, hodhi litajaa baada ya saa moja na dakika 5. Na mtoto wa pili aghalabu huja upesi kuliko wa kwanza.

Ndiyo maana, dada, nakushauri usinunue hodhi kubwa. Najua matangazo yanaonyesha mume na mke wote wawili ndani, wakitabasamu. Kila lita 100 unazozipunguza ni dakika 10 ulizozipata. Chukua dogo linalokutosha wewe kupiga magoti na kugeuka. Kabla ya kulipa, shemeji achukue ndoo ya lita 10 na saa, afungue maji ya moto bafuni, apime inajaa kwa muda gani na joto linaanza kushuka lini. Jibu la ndoo hiyo ndilo litakaloamua ukubwa wa hodhi. Kama mna tangi dogo, mtajaza kwa awamu, mfunike hodhi kwa mfuniko wake, mngoje tangi lichemke tena. Masufuria ya jikoni yanasaidia, ila maji yanayotokota hayamiminwi mama akiwa ndani.

Sasa usikilize vizuri. Mtu akishapiga hesabu hiyo, hupata wazo: kwa nini tusijaze mapema, wiki moja au mbili kabla, kisha tuweke mashine ya kupasha joto na pampu ya kuyazungusha maji, yakae tayari? Mahodhi ya namna hiyo yalikuwa yakikodishwa Uingereza. Mwezi Juni mwaka 2014 mamlaka za afya za Uingereza zilitoa tahadhari kuwa yasitumiwe nyumbani, baada ya mtoto mchanga aliyezaliwa katika hodhi la aina hiyo kulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, akiwa na ugonjwa wa mapafu uletwao na bakteria wa lejionela. Bakteria hao hupenda maji ya vuguvugu yaliyotulia siku nyingi, na pampu na mabomba yake ni makao mazuri kwao. Tahadhari hiyo haikuyagusa mahodhi yanayojazwa kutoka bombani siku ile ile ya uchungu. Kwa hiyo siku ya kujaza ni siku ya uchungu, basi. Mpira wa kujazia uwe mpya, si ule wa kumwagilia maua, na maji ya mwanzo yaachwe yamwagike kwanza kabla ya kuuelekeza kwenye hodhi.

Joto lisipite nyuzi 37.5. Hiyo ndiyo kanuni ya wakunga wa Uingereza, na hupima maji kila saa. Yakizidi, mama hupata joto kama la homa, na mtoto aliye tumboni hana pa kupoa. Nunueni kipimajoto cha kuelea, bei yake ni ndogo. Mkono haupimi, mkono uliotoka kwenye baridi ya Januari utasema kila maji ni ya moto.

Uzito. Maji ya kina cha nusu mita huielemea kila mita mraba ya sakafu kwa kilo 500. Sakafu za vyumba katika nyumba za Uingereza husanifiwa kwa mzigo wa kilo 150 hivi kwa mita mraba. Hii haina maana kwamba mtaangukia kwa jirani, kwani mzigo mmoja husambaa kwenye mihimili mingi, lakini kama chumba cha chini kipo, wekeni hodhi chini. Kama mnakaa ghorofani kwenye sakafu ya mbao, muulizeni fundi wa majengo, si muuza hodhi.

Kina nacho kisizidi. Maji yakiwa marefu mno, mkunga humpandisha mtoto mwendo mrefu, na kamba ya kitovu iliyo fupi huweza kukatika. Imetokea. Mwulize mkunga wako anataka maji yafike wapi, halafu weka alama ya kalamu ukutani mwa hodhi.

Dada ameuliza pia kuhusu stara, kwa kuwa mama mkwe huenda akawepo. Fulana fupi inatosha. Kanga, kwa heshima zote, iachwe kitandani. Majini huelea, ikajisokota miguuni na kumziba mkunga macho.

La mwisho ni kutoka. Ikiwa mapigo ya moyo wa mtoto yatabadilika, damu ikazidi, au mama akaishiwa nguvu, mkunga atasema toka, na hapo hakuna mjadala. Hodhi lisisukumwe kwenye kona. Pande mbili angalau ziwe wazi, na godoro na taulo viwe karibu. Jaribuni siku moja, likiwa limejazwa upepo bila maji, dada aingie na kutoka na tumbo lake, shemeji akimshika mkono. Jaribio hilo litawaonyesha kimo cha ukuta mnachokiweza, na likiachwa kutwa nzima litawaonyesha pia kama linavuja. Na kama amepewa sindano ya kutuliza maumivu, ya jamii ya pethidini, haruhusiwi kuingia majini mpaka zipite saa 2, na usingizi uwe umemtoka.

Shemeji, kazi yako haijaisha. Zile lita 650 hazitoki kwa ndoo. Kodini au nunueni pampu ndogo ya kuzamishwa, iyatoe maji hadi chooni, na mpira wa kutolea uwe mwingine kabisa, si ule wa kujazia. Utieni alama nyekundu mapema, maana saa ile hakuna atakayekumbuka.

Muda wangu umekwisha. Juma lijalo nitaisoma barua ya mzee wa Muheza kuhusu mashine za kupimia shinikizo la damu zinazouzwa mitaani. Kwaherini.