Filamu Ifungue Mlango wa Jirani

Hotuba ya afisa wa maendeleo ya jamii kwa wakazi, kabla ya onyesho la filamu katika ukumbi wa jamii



Mama yangu ni Kiziwi. Nikiwa na miaka tisa nilimsindikiza hospitalini, kwa kuwa hapakuwa na mkalimani. Daktari alinieleza mimi habari za uvimbe wake, nami nikatakiwa kumwambia. Neno nililoliogopa nililiruka. Mama aliupata ukweli wiki kadhaa baadaye kutoka kwa shangazi. Alipona, namshukuru Mungu, lakini siku ile sijaisahau.

Ndiyo maana leo tumewaletea CODA, filamu ya mwaka 2021. Inahusu msichana wa Marekani anayesikia, katika familia ya wavuvi ambamo baba, mama na kaka yake ni Viziwi. Yeye ndiye mkalimani wao kila mahali, hata kwa daktari. Hapo watu hucheka, na si vibaya; mimi nilimkumbuka mama. Baadaye msichana anaimba jukwaani, na ghafla sauti yote inazimwa. Kwa muda mfupi, sote tunakaa pale alipoketi baba yake. Ningehutubu hadi jioni, nisingeweza kuwafikisha pale.

Lakini si kila filamu hujenga uelewa. Hadithi hii ilitolewa kwanza Ufaransa mwaka 2014, na wazazi Viziwi wakaigizwa na watu wanaosikia. Viziwi walilalamika. Katika CODA, wanaoigiza Viziwi ni Viziwi wenyewe. Mmoja wao, Troy Kotsur, alishinda tuzo ya Oscar mwaka 2022, na filamu yenyewe ikatwaa tuzo ya filamu bora.

Kuhusu usonji, wengi tulianza na Rain Man ya mwaka 1988, iliyoigizwa na Dustin Hoffman. Ilieneza habari za usonji duniani, ila ikaacha dhana kwamba kila mwenye usonji ni bingwa wa hesabu. Sasa mzazi ambaye mtoto wake hasemi anaulizwa, "Kipaji chake ni kipi?" Kwa hiyo mwezi ujao tutaonyesha The Reason I Jump ya mwaka 2020, filamu ya maisha halisi. Sehemu yake moja iko Freetown, Sierra Leone, ambako watoto wenye usonji huitwa mashetani. Maneno hayo hapa kwetu si mageni. Wapo watoto wanaofungiwa chumbani wageni wakija. Usonji si laana, wala hauletwi na malezi mabaya. Ni namna ubongo wa mtoto unavyokua.

Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kutumia lugha ya ishara. Lugha ya Ishara ya Kenya ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Lakini Katiba haiwezi kumsalimia jirani kwa niaba yetu.

Shule, makanisa, misikiti na vikundi vya vijana mnaotaka kuonyesha filamu kama hizi, nina maombi matatu. Kwanza, chagueni filamu ambayo wahusika wenyewe wameshiriki. Pili, hakikisheni wanaweza kuitazama: maandishi yaonekane chini ya picha, mkalimani asimame penye mwanga, sauti ipunguzwe, taa zisizimwe zote, na mtoto akiinuka kutembea msimkemee. Tatu, filamu ikiisha, wao wazungumze kwanza. Sisi tusikilize.

Leo, baada ya onyesho, wenzetu Viziwi watatufundisha ishara tano: hujambo, jina, maji, maumivu, asante. Kesho ukimkuta Kiziwi kwenye foleni ya kliniki, msalimie kwa mikono yako. Na ukiwa wewe ndiwe mhudumu, mtazame usoni umhudumie yeye, si mtoto aliyemshika mkono.

Karibuni tutazame.